Kibali cha Kukaa Ugenini: Wajibu wa Mwanafunzi na Wajibu Wetu Tuliobaki Nyumbani

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, wazazi na vijana, Mazwi, Sumbawanga

Ndugu viongozi wa Halmashauri ya Walei, wazazi na walezi, nanyi vijana mlioketi nyuma karibu na mlango,

Tulipotangaza mada ya leo, mzee mmoja wa jumuiya alituuliza kwa upole kama Kamati ya Haki na Amani imeishiwa maneno kuhusu mipaka ya mashamba na mirathi ya wajane, hata ikaamua kuzungumzia makaratasi ya wanafunzi walioko Ulaya. Swali lake ni la haki. Mashamba yapo, nasi tutayarudia. Lakini tungependa kumjibu kwa kisa ambacho sisi wenyewe tulishiriki, na ambacho hatujakisahau.

Miaka michache iliyopita alifariki mzee mmoja katika kijiji kilicho njiani kuelekea Matai. Mwanawe wa kwanza alikuwa masomoni Italia, mwaka wa pili. Ndugu walikaa, jumuiya ikachanga, wanakwaya wakachanga, nasi tukachanga, ili kijana aje amzike baba yake. Fedha ilikuwa ndogo na siku zilikuwa chache, hivyo ikakatwa tiketi ya bei nafuu kuliko zote, ya kwenda na kurudi, iliyopita katika uwanja wa ndege wa nchi nyingine ya Ulaya. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kijana swali lolote kabla ya kulipa. Tuliona kwamba mwenye msiba hasumbuliwi kwa maswali.

Jioni ile kijana alipiga simu. Kibali chake cha mwaka wa kwanza kilikuwa kimekwisha muda. Alikuwa ameomba kipya kwa wakati unaotakiwa, lakini kadi ilikuwa haijatoka, na alichokuwa nacho mkononi ni stakabadhi ya posta. Mwenye stakabadhi ya namna hiyo huruhusiwa kutoka Italia na kurejea, ila kwa sharti kwamba avuke mpaka wa Italia yenyewe moja kwa moja, pasipo kupita katika nchi nyingine za mkataba wa Schengen, yaani zile nchi 29 za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka baina yao. Tiketi yetu ilimpitisha hukohuko alikokatazwa. "Baba mdogo," alisema, "kwa tiketi hii nikitoka sirudi tena chuoni." Baba mdogo akamjibu, "Sisi tumeshalipa, mwanangu." Fedha ya tiketi ile haikurudishwa, na ya kukata nyingine haikuwapo. Mzee alizikwa mwanawe akiwa umbali wa safari ya siku moja na nusu. Kumbe ingetosha kupitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, na nyongeza ya bei isingetushinda kama tungaliulizana mapema.

Hatusimulii haya ili kumlaumu aliyekata tiketi. Alikuwa mmoja wetu, na alifanya kwa moyo mwema. Tunasimulia kwa sababu tulidhani kibali cha kukaa ugenini ni shauri la mwanafunzi na ofisi ya huko, kumbe mikono yetu ya hapa Ufipa imo ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuanze na tofauti ambayo wazazi wengi hawaijui, na hata vijana wengine huijua wakiwa wamechelewa. Viza si kibali cha kukaa. Mtu akibisha hodi akaitikiwa "karibu", amepata ruhusa ya kuvuka kizingiti. Bado hajapewa kigoda. Viza ni ule mwitikio wa hodi. Hubandikwa katika pasipoti na ubalozi, nayo humfikisha mgeni mpakani na kumwingiza. Kigoda ni kibali cha kukaa, na hicho huombwa baada ya kuingia, katika nchi yenyewe, kwa maombi mapya, ada mpya na vielelezo ambavyo vingi vyake ni vilevile alivyokwisha kuvionyesha ubalozini. Hapo ndipo kijana anaposhangaa: "Mbona nilishaonyesha haya Dar es Salaam?" Ulionyesha kwa ajili ya hodi, mwanetu. Sasa unaomba kigoda.

Tutatumia mfano wa Italia, kwa kuwa wanaotoka kwetu kwa njia ya Kanisa, mapadre, masista na baadhi ya vijana wa kawaida, mara nyingi huelekea huko, na si jambo la leo: Chuo cha Urbano mjini Roma kilianzishwa mwaka 1627 hasa kwa ajili ya wanafunzi wa nchi za misioni. Nao wasomao katika vyuo vya Kipapa hawaepuki sheria hii, kwa maana wanaishi katika ardhi ya Italia.

Sheria ya huko, ambayo msingi wake ni ile ya mwaka 1998, humpa mgeni siku 8 za kazi tangu kuingia kwake ili aombe kibali, kile ambacho wenyewe hukiita permesso di soggiorno. Siku 8 ni chache mno kwa mtu aliyefika usiku, asiyejua lugha, ambaye bado anatafuta mahali pa kulala na anashangaa baridi. (Msidhani baridi yetu ya mwezi Juni imewaandaa. Huko baridi humngoja mtu nje ya mlango miezi minne.) Mwanafunzi huenda posta, si katika kila posta bali katika zile zenye dirisha la huduma hiyo, akaomba bahasha kubwa yenye mstari wa manjano. Ndani yake mna fomu. Huzijaza, huambatanisha nakala za kurasa za pasipoti, viza, barua ya chuo iliyogongwa muhuri na ubalozi, uthibitisho wa fedha za kujikimu na bima ya afya, kisha huirudisha bahasha ikiwa wazi, kwa kuwa karani ndiye anayepaswa kuihakiki na kuifunga.

Hapo hulipa. Posta huchukua euro 30. Stempu ya serikali ni euro 16. Kutengeneza kadi ni euro 30.46, na mchango wa serikali kwa kibali kisichozidi mwaka mmoja ni euro 40. Jumla ni euro 116.46, kabla mwanafunzi hajanunua hata mkate. Tunazitaja hesabu hizi kwa makusudi, kwa sababu tumeona familia na wafadhili wakipanga nauli, ada na nguo za baridi, na kusahau kabisa fungu hili, kisha kijana anaanza maisha kwa kukopa kwa mtu asiyemfahamu.

Na hapa tuseme jambo moja linaloigusa Kamati yetu moja kwa moja. Ule mchango wa euro 40 haukuwa 40 tangu awali. Kwa amri ya mwaka 2011 ulikuwa euro 80 kwa kibali cha muda mfupi, 100 kwa kirefu zaidi, na 200 kwa baadhi ya vibali. Chama kikuu cha wafanyakazi cha CGIL, pamoja na shirika lake la INCA linalosaidia watu kuandaa makaratasi, walikwenda mahakamani. Mnamo Septemba 2015 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitamka kwamba viwango vile vilizidi kadiri na vilikuwa kizuizi cha haki walizopewa wageni kisheria. Mwaka 2017 vikapunguzwa kwa nusu. Waliofungua shauri lile walikuwa raia wa Italia, na waliofaidika walikuwa wageni, ambao wengi wao hawakujua kamwe kwamba kuna watu waliowapigania. Mashirika ya namna ya INCA yapo katika miji mingi ya Italia, na humsaidia mgeni kujaza fomu bila malipo. Kijana wetu asimpe fedha mtu wa kituo cha garimoshi anayedai kuifahamu "njia ya mkato". Njia hiyo huishia kwenye hasara, na pengine kwenye nyaraka za kughushi, ambazo adhabu yake ni kubwa kuliko kosa la kuchelewa.

Karani wa posta akimaliza humpa mwanafunzi stakabadhi pamoja na tarehe ya kufika Questura, ofisi ya polisi inayoshughulikia wageni, kwa ajili ya picha na alama za vidole. Tarehe hiyo yaweza kuwa baada ya wiki kadhaa au miezi. Sheria inataja siku 60 za kutolewa kwa kibali. Miezi halisi huwa mingi zaidi. Katika kipindi hicho chote stakabadhi ndiyo kinga yake. Sheria inakiri kwamba aliyeomba kwa wakati na anayengoja yuko nchini kihalali. Tumewahi kumsikia binti mmoja akieleza jinsi alivyojificha chumbani majuma mawili, akikwepa hata kwenda maktaba, kwa hofu kwamba hana kadi. Alikuwa na stakabadhi ndani ya biblia yake muda wote huo. Hakuna aliyemwambia kwamba karatasi ile nyembamba ina uzito wa kumtembeza mitaani bila woga.

Basi, ni nini kilicho mikononi mwetu sisi wa huku?

La kwanza, na tutakaa nalo kidogo, ni majina. Kwa ofisa wa kigeni, mtu ni jina lake jinsi lilivyoandikwa, herufi kwa herufi. Kwetu hapa mtoto huandikwa katika daftari la ubatizo na katekista aliyemsikia bibi akilitamka jina, huandikwa shuleni na mwalimu aliyemsikia mtoto mwenyewe, kisha hupata cheti cha kuzaliwa akiwa kidato cha nne kwa maelezo ya mjomba. Hivyo Leokadia wa parokia huwa Leocadia wa shule na Leukadia wa cheti. Kwa ndugu zetu Wamambwe na Wanyamwanga kuna jambo la ziada: baba huitwa Sikazwe na binti yake Nakazwe, kwa maana hiyo ndiyo desturi, mwanamume hubeba Si na mwanamke Na. Sisi tunaosikia tunajua mara moja kwamba hawa ni wa nyumba moja. Ofisa wa Torino au Bologna anaona majina mawili yasiyofanana, na anauliza ni kwa namna gani mtu asiye na jina la mwanafunzi huyu anatajwa kuwa baba na mdhamini wake.

Mambo haya hurekebishika, ila hurekebishwa hapa na hurekebishwa mapema. Cheti cha kuzaliwa hushughulikiwa katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya kwa niaba ya RITA. Penye majina mawili huapwa kiapo mbele ya wakili au hakimu kueleza kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Kisha jina lililokubaliwa liwe hilohilo katika kitambulisho cha NIDA, katika vyeti vya shule na katika pasipoti. Pasipoti za kielektroniki zilianza kutolewa nchini mwetu mwaka 2018 kwa ada ya shilingi 150,000, na uhai wake ni miaka 10. Ukikosea jina leo, kosa litaishi miaka hiyo yote. Vyeti vya kupelekwa nje huthibitishwa pia na Wizara ya Mambo ya Nje, kisha na ubalozi husika. Kazi hiyo yote haifanyiki kwa wiki mbili za mwisho, wakati kijana anazunguka kuaga ndugu kutoka Laela hadi Namanyere.

Enyi makatibu wa parokia, tunawasihi: anapokuja kijana kuomba nakala ya cheti cha ubatizo, msiongeze wala msirekebishe herufi kwa huruma. Andikeni kilichomo katika daftari. Herufi iliyorekebishwa kwa wema imewahi kumchelewesha mtu muhula mzima.

La pili ni fedha. Italia humtaka mwanafunzi aonyeshe uwezo wa zaidi ya euro 500 kwa kila mwezi wa mwaka. Wengine hukaza zaidi: Ujerumani, tangu Septemba 2024, humtaka mwanafunzi aweke euro 11,904 katika akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo humwachia euro 992 tu kila mwezi. Mkulima wa mahindi wa Rukwa hawezi kutoa kiasi hicho mfukoni, na hakuna anayemtarajia. Ndiyo maana wengi huondoka kwa barua ya ufadhili. Sasa tusikilizane vizuri juu ya barua hizo. Barua ya ufadhili si barua ya pongezi. Anayeitia sahihi, awe paroko, mkuu wa shirika, mwenyekiti wa kikundi au mjomba mwenye duka, anaiambia dola ya kigeni kwamba mtu huyu hatakuwa mzigo kwake. Ofisi ya huko huisoma barua hiyo tena kila mwaka kibali kinapoombwa upya, na huitaka mpya. Tumeona barua zilizoandikwa kwa shangwe ya harambee mwezi wa nane, na kufikia mwezi wa nane uliofuata mwandishi wake hapokei simu. Ukijua kwamba uwezo wako ni wa mwaka mmoja, andika mwaka mmoja. Kijana anaweza kupanga maisha yake juu ya ukweli mdogo. Juu ya ahadi kubwa isiyo na kitu hawezi.

Mwanafunzi wa Italia huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki, zisizozidi 1,040 kwa mwaka. Wazazi wakisikia hivyo huhesabu kwamba mtoto atajilipia mwenyewe na kubakiza cha kutuma nyumbani kwa ajili ya mbolea. Ndugu zetu, kuna sharti lingine. Ili kibali kifanywe upya, mwanafunzi wa chuo kikuu lazima awe amefaulu mtihani mmoja walau katika mwaka wa kwanza, na miwili walau katika kila mwaka unaofuata. Ugonjwa mkubwa ukithibitishwa, hata mmoja hukubalika. Tena hakiongezwi kupita miaka mitatu baada ya muda halali wa kozi. Mitihani hiyo ni michache, lakini hufanywa kwa Kitaliano, na mtu aliyeosha vyombo hadi usiku wa manane kwa sababu nyumbani wanadai fedha huweza kuikosa. Hapo tunakuwa tumemkatia tawi alilokalia. Ukimpigia mwanao simu, kabla hujamwuliza ametuma nini, mwulize amefaulu nini.

Maombi ya kufanya upya yanapaswa kupelekwa siku 60 kabla ya kibali kwisha. Na endapo kibali kimekwisha, zikapita siku nyingine 60 bila maombi yoyote, sheria inafungua mlango wa kumfukuza mtu nchini. Kwa hiyo barua ya chuo, ya mdhamini, ya benki, zote zinatakiwa kuwa tayari takribani miezi mitatu kabla. Tunawaomba wadhamini waandike tarehe hiyo kwenye kalenda ya nyumbani, ile ile mnayoandika tarehe za kulipa ada za wadogo zake.

Tunafika sasa mahali pagumu zaidi, na tunaomba mtusikilize kwa utulivu, maana wamo humu wanaohusika.

Wapo wanaokwenda masomoni wakiwa chini ya taasisi: mseminari, bruda, mnovisi, sista aliyetumwa na shirika. Kibali cha mtu huyu kimesimama juu ya barua ya taasisi inayosema tunamjua, anaishi kwetu, tunamlisha. Kwa sheria ya huko, hata anayempa mgeni malazi lazima awaarifu polisi kwa maandishi ndani ya saa 48. Basi mtu huyu akiona kwamba wito si wake, au wakubwa wake wakiamua hivyo, barua huondolewa, na pamoja na barua huondoka chumba, chakula, bima na msingi wa kibali, vyote kwa siku moja. Kutoka shirikani si dhambi wala kosa la jinai. Lakini tumewafahamu waliotoka asubuhi wakiwa wanafunzi halali, na baada ya miezi michache wakawa watu wasio na hadhi yoyote kisheria, wanalala kwa rafiki wa rafiki, wanaona haya kurudi nyumbani kwa sababu kijiji kizima kiliwasindikiza kwa ngoma na kuwachinjia ng'ombe. Mmoja wao alituambia kwamba alichoogopa si polisi wa huko. Aliogopa uso wa mama yake siku ambayo angeshuka kwenye basi la Tunduma bila kanzu.

Katika jambo hili tunao wajibu wa pande mbili. Taasisi inayomtuma mtu inapaswa kuweka katika maandishi, kabla ya safari, kwamba akitoka atapewa muda wa kuhamisha masomo yake au tiketi ya kurudi, na kwamba pasipoti yake na nyaraka zake ni mali yake na hukaa mikononi mwake, wala si katika kabati la mkuu wa nyumba. Nasi wa nyumbani tunapaswa kuacha kumfanya kila anayerudi kuwa mshindwa. Maadamu tunawacheka waliorudi, tunawafundisha walio huko kujificha.

Tusidhani pia kwamba makaratasi ni ya Ulaya peke yake. Vijana wetu wengine husoma Nairobi na Kampala, na hapo hali ni nyepesi, ila si ya bure kabisa kwa maana ya kujisahau. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama pasi ya mwanafunzi bila ada. Bila ada hakumaanishi bila kuomba. Tumekutana na kijana aliyesoma mihula miwili katika nchi jirani kwa muhuri wa mpakani tu, akiamini kwamba Jumuiya ni moja. Alipotakiwa kuonyesha pasi, hakuwa nayo, na faini aliyolipa ilizidi ada ya chumba chake. Hata hapo Kasesya, ambako wengi wetu tuna shangazi upande wa Mbala na tunavuka kwa maziko na harusi, kuvuka kwa kutembelea na kuvuka kwa kukaa na kusoma ni vitu viwili.

Nasi tu wenyeji wa wageni pia. Kwa Sheria ya Uhamiaji Na. 7 ya mwaka 1995, mgeni anayesoma Tanzania huhitaji kibali cha ukaazi Daraja C, daraja hilohilo wanalopewa wamisionari wanaofanya kazi katika parokia zetu. Mkiona padre mgeni ana wasiwasi siku anapokwenda Uhamiaji, hofu ile ndiyo ya watoto wenu huko kwao. Tena mkoa huu una kumbukumbu yake. Makazi ya Katumba na Mishamo, ambayo yalikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa hadi Katavi ilipotengwa mwaka 2012, yalipokea watu waliokimbia Burundi mwaka 1972. Walilima, wakazaa, wakazika. Serikali yetu ikawafungulia njia ya uraia, na kufikia mwaka 2010 watu wapatao 162,000 wa makazi ya zamani, pamoja na Ulyankulu kule Tabora, walikuwa wamekubaliwa. Ni tendo kubwa, ambalo nchi chache duniani zimelifanya. Lakini vyeti vyenyewe vilianza kugawiwa Oktoba 2014. Kwa miaka minne watu wale waliambiwa kwamba wamekubaliwa, na mkononi hawakuwa na kitu cha kuonyesha. Muulizeni yeyote wa Katumba tofauti kati ya kukubaliwa na kupewa karatasi. Atawaeleza kuliko sisi.

Kwa mwaka huu Kamati inapendekeza jambo dogo tu. Kila familia yenye mwanafunzi nje iweke bahasha moja, ndani yake nakala ya pasipoti, ya viza, ya kibali au stakabadhi, ya barua ya udhamini, pamoja na namba ya simu ya chuo na ya Mtanzania mmoja anayeishi karibu naye. Bahasha hiyo ikae mahali panapojulikana na watu wawili, asiwe baba peke yake. Wenye simu za kisasa wapige picha pia, maana kwingine hata kadi zimeanza kutoweka: Uingereza imeachana na kadi za plastiki za ukaazi, na ushahidi wa mwanafunzi sasa umo katika mtandao, hivyo akipoteza nywila yake na namba yake ya simu amejifungia nje. Na ikitokea msiba au ugonjwa, kabla ya kununua tiketi, aulizwe kwanza mwenyewe: una kadi au una stakabadhi, na upite wapi? Swali hilo halimsumbui mfiwa. Tungaliliuliza, tusingekuwa na kisa cha kuanzia leo.

Kijana yule alikuja hatimaye, mwezi Julai wa mwaka uliofuata, kadi ikiwa mkononi. Alifika kwa njia ya Addis Ababa. Tulikwenda naye kaburini, wanakwaya walewale wakaimba, na msalaba wa mbao ukabadilishwa kwa wa saruji ambao aliulipia kwa akiba yake. Siku ya kuondoka alipitia kwa katekista wa kijiji akamwachia bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi. Katekista aliihifadhi katika sanduku la madaftari ya ubatizo, na juu yake aliandika jina la kijana kwa wino mweusi, baada ya kumwomba alitaje herufi moja moja.